Umeme unavuka mpaka, saini ya mhandisi haivuki

Na Mwandishi Wetu, Gatete

CHAJA ya kompyuta yangu ina pini tatu bapa. Ukuta wa duka nililoingia hapa Gatete una soketi ya matundu mawili ya mviringo. Nilikuwa nimetoka Kigoma alfajiri, nikavuka mpaka wa Manyovu na Mugina, kisha nikafuata barabara ya kando ya Ziwa Tanganyika hadi tarafa ya Rumonge. Njia nzima Kiswahili changu hakikukwama. Nilielewana na maofisa wa mpakani, na madereva, na kina mama wauza samaki. Kilichokwama ni plagi.

Kijana wa dukani hakushangaa. Alivuta droo, akatoa adapta ndogo nyeupe, akaniambia wageni wanaotoka Tanzania huitafuta hiyo kwanza kabla hata ya kuulizia chumba cha kulala. Nikalipa, nikachomeka, taa ya chaja ikawaka.

Rafiki yangu niliyekuja kumwona alifika muda si mrefu. Baada ya salamu, jambo la kwanza alilofanya ni kuichomoa ile adapta na kuigeuzageuza mkononi. Yeye ni mhandisi wa umeme, mzaliwa wa huku huku, na kwa zaidi ya miaka kumi amefanya kazi katika ujenzi wa hoteli, hospitali na majengo ya ghorofa. Ameomba jina lake lisiandikwe kwa sababu bado anatafuta kazi kwa watu wa aina ile ile atakaowazungumzia. Humu nitamwita Mhandisi.

Alinionyesha kwamba adapta yangu ina njia mbili tu za shaba. Pini ya tatu ya plagi, ile ndefu ya juu, ilikuwa imeingia kwenye plastiki tupu. Hiyo ndiyo pini ya waya wa ardhini. Kwa chaja ya kompyuta, alisema, huenda nisione tofauti yoyote. Lakini mtu akichomeka friji, pasi au mashine yenye bodi ya chuma kupitia adapta ya namna hiyo, amejitegea mtego. Waya wenye moto ukichubuka na kugusa bodi, umeme ambao ungekimbilia ardhini na kukata breka unabaki pale pale kwenye chuma, ukimsubiri atakayekishika.

Ukiitazama Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka kwenye tundu la ukutani, utaona mambo mawili kwa pamoja. Umeme wenyewe ni mmoja: volti kati ya 220 na 240, mizunguko 50 kwa sekunde, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura. Ndiyo maana gridi za nchi hizi zinaweza kuungana. Lakini plagi, rangi za nyaya, lugha ya michoro na, zaidi ya yote, saini ya mhandisi, bado kila moja inakaa kwao.

Mashine ya mawese

Gatete iko katika ukanda wa michikichi. Kutoka ziwani hadi miguuni mwa milima, macho hayakosi minazi hiyo ya mafuta, na harufu ya mawese yanayochemshwa inamfikia msafiri kabla hajaona mapipa. Mkigoma akifika hapa hajihisi mgeni, kwa kuwa upande wa pili wa mpaka watu wanapanda mti ule ule na kukamua mafuta yale yale.

Mhandisi alikulia kwenye kazi hiyo. Baba yake alianza na kinu cha kukamua kwa mikono, akahamia injini ya dizeli, na mwishowe akanunua mota ya umeme. Mota hiyo ndiyo iliyompa mtoto swali lake la kwanza la kihandisi. Asubuhi iliwaka vizuri. Jioni, watu walipokwisha kuwasha taa zao, ilikuwa ikinguruma na kutetemeka bila kuzunguka, kisha inatoa harufu ya kuungua.

Jibu alilipata miaka mingi baadaye darasani. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaohitaji ikiwa imeshakolea. Ikiwa iko mbali na transfoma na waya ni mwembamba, volti hushuka njiani, na zinashuka zaidi wakati majirani wote wanatumia. Mota inakosa nguvu ya kuanza, inaendelea kuvuta umeme mwingi, na nguvu ile inageuka joto. Baba alikuwa amelaumu muuzaji wa mota, na muuzaji akalaumu shirika la umeme. Hapakuwa na mtu aliyepiga hesabu ya waya.

Alipita shule ya ufundi, kisha Chuo Kikuu cha Burundi, ambacho kilianza mwaka 1964. Masomo yote yalikuwa kwa Kifaransa. Wenzake wengi walikuwa wakisomea umeme huku nyumbani kwao kukiwashwa taa ya mafuta, na si ajabu: hadi leo Burundi ni miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi duniani waliofikiwa na umeme, takribani mtu mmoja kati ya kumi.

Kazi inayofanyika kabla ya zege

Watu wengi wakisikia mhandisi wa umeme wanafikiria mtu aliyepanda nguzo. Huyo ni fundi, na kazi yake ni ya heshima. Mhandisi wa umeme katika jengo kubwa anaanza kazi kabla nguzo haijasimama, na mara nyingi kabla hata msingi haujachimbwa.

Hatua ya kwanza ni kukadiria mzigo. Anakaa na michoro ya msanifu majengo na kuuliza, chumba kwa chumba, kitatumika kitu gani: taa ngapi, pampu zipi, lifti ngapi, jiko la aina gani, viyoyozi vingapi. Kisha anakisia vingapi vitawaka kwa wakati mmoja. Akikadiria juu sana, mwenye jengo analipia transfoma na nyaya asizozihitaji. Akikadiria chini, jengo litazimika siku ya kwanza ya ukumbi kujaa.

Hapo ndipo makosa ya kawaida ya soko letu yanapojitokeza. Mtu ananunua jenereta iliyoandikwa kVA 100 akiamini atapata kilowati 100. Kwa jenereta nyingi za namna hiyo kinachopatikana ni kilowati 80, na ukihesabu kwa volti 400 za njia tatu, kila waya utabeba hadi ampea 144 au zaidi kidogo. Aliyepanga jengo lake kwa kilowati 100 amekwisha kukosea kabla ya kuwasha taa ya kwanza.

Hatua ya pili ni kugombania nafasi. Jengo lina mabomba ya maji safi, ya maji taka, mifereji ya hewa, nyaya za simu, nondo na nguzo. Wote wanataka kupita palepale. Mabomba ya nyaya yanayolazwa ndani ya dari la zege lazima yawe mahali pake kabla ya zege kumwagwa. Zege likishakauka, bomba lililosahauliwa linamaanisha tindo na nyundo, na mhandisi wa ujenzi hatakubali mtu achimbe boriti yake. Mhandisi ananiambia kwamba mwaka wake wa kwanza kazini hakukaa na hesabu hata kidogo. Alitembea na tepu na chaki, usiku kabla ya zege, akihesabu mabomba moja baada ya jingine na kulinganisha na mchoro.

Hatua ya tatu ni ardhi yenyewe. Fimbo za shaba zinazopigwa chini ili kupokea umeme uliopotea na radi hazifanyi kazi sawa kila mahali. Udongo wenye unyevu karibu na ziwa unapokea vizuri. Ukipanda milimani kwenye mawe, fimbo ile ile haitoshi, inabidi kupiga nyingi na kuziunganisha, kisha kupima tena na tena. Katika milima ya Burundi, ambako radi ni jambo la kila msimu wa mvua, kupima huko ndiko kunakolinda maisha ya watu.

Mwisho kabisa ni majaribio. Kila waya hupimwa kama gamba lake halivuji umeme, kila breka hujaribiwa, na jenereta huwashwa kwa mzigo wa kweli. Mpangilio mzuri wa breka unataka hitilafu ya chumba kimoja izime chumba hicho tu, isizime ghorofa nzima. Baada ya hapo ndipo michoro inachorwa upya kuonyesha jengo lilivyojengwa hasa, maana hakuna jengo linalofuata mchoro wa kwanza kwa asilimia 100. Michoro hiyo ya mwisho ndiyo atakayoihitaji fundi miaka 20 baadaye, na ndiyo inayokosekana mara nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Hospitali si nyumba ya kulala

Nilimuuliza ni jengo gani lililomfundisha zaidi. Alijibu bila kusita: hospitali.

Katika nyumba ya kawaida, umeme ukikatika watu wanatafuta mshumaa. Katika hospitali mhandisi analazimika kugawa vifaa vyote katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vile visivyoweza kuzimika hata kwa muda wa kupepesa jicho, kama taa ya juu ya meza ya upasuaji na mashine ya kupumulia. Hivi vinategemea betri. Fungu la pili ni vile vinavyoweza kusubiri sekunde chache jenereta iwake, kama friji za damu na chanjo, na pampu za maji. Fungu la tatu ni vile vinavyoweza kusubiri umeme urudi, kama pasi za chumba cha kufulia.

Chumba cha upasuaji kina sheria yake zaidi. Kwingine, umeme ukivuja tunataka breka ikate papo hapo. Lakini daktari akiwa amefungua tumbo la mtu, kukata ni hatari nyingine. Kwa hiyo chumba hicho hupewa transfoma yake ya pekee, isiyounganishwa na ardhi kama kawaida. Hitilafu ya kwanza haikati umeme, inapiga kengele. Upasuaji unaendelea, na mafundi wanatafuta tatizo mgonjwa akiwa salama.

Halafu kuna mashine ya eksirei, ambayo huvuta umeme mwingi sana kwa sehemu ndogo ya sekunde kisha inanyamaza. Kama haikupewa njia yake ya nyaya, kila picha inayopigwa itafanya taa za wodi zififie.

Kwenye ghorofa ndefu adui mkubwa ni moto. Nyaya hupanda kutoka chini hadi juu kupitia tundu refu, na tundu hilo lisipozibwa kwa vifaa vinavyostahimili moto katika kila sakafu, linageuka bomba la moshi. Miji yetu inazidi kurefuka. Jengo la Britam la Nairobi limepita ghorofa 30 na kileleni limefungwa mitambo ya upepo. Bujumbura ilipata Ikulu ya Ntare Rushatsi, zawadi ya China iliyozinduliwa mwaka 2019. Majengo mengi ya aina hii katika ukanda wetu huchorwa na kusimamiwa na kampuni kutoka mbali, zinazokuja na wahandisi wake. Zikiondoka, atakayebaki na funguo za chumba cha umeme ni mtu wa hapa.

Mito inayoshirikiana

Juu ya tambarare hii ya michikichi inapanda milima ya Bururi, na kutoka huko inashuka mito Jiji na Mulembwe. Mradi wa kuzalisha umeme katika mito hiyo miwili, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha kuufadhili mwaka 2014 pamoja na wafadhili wengine kama Umoja wa Ulaya na Benki ya Maendeleo ya Afrika, umepangwa kutoa karibu megawati 50. Kwa nchi kama Burundi hiyo si namba ndogo. Kituo cha Rwegura, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa nguzo ya gridi ya Burundi tangu miaka ya 1980, kina megawati 18.

Kituo cha umeme wa maji nacho ni jengo, tena gumu. Maji yanashuka kwa bomba kutoka mlimani, yanasukuma mtambo, mtambo unazungusha jenereta, na transfoma inapandisha volti ili umeme usafiri mbali bila kupotea. Chini ya sakafu kuna kilomita za nyaya nyembamba za ulinzi na mawasiliano. Zile ndizo zinazoamua kwamba hitilafu ya radi ikatwe kabla haijaharibu mtambo wa mamilioni ya dola.

Kwenye jambo hili la kuzalisha umeme, majirani wameshajifunza kushirikiana. Burundi, Rwanda na Kongo wanashirikiana katika kampuni ya SINELAC, inayoendesha kituo cha Ruzizi II tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwenye maporomoko ya Rusumo, katika Mto Kagera, Burundi, Rwanda na Tanzania wamejenga kituo cha megawati 80 na kugawana sawasawa, karibu megawati 27 kila nchi. Rusumo iko mpakani mwa Rwanda na Tanzania. Burundi haipakani na maporomoko hayo, lakini sehemu yake inafika kwa laini ya kilovolti 220 hadi Gitega, umbali wa kilomita 161.

Umeme huo haukuulizwa cheti, wala haukugongewa muhuri mpakani. Wahandisi wa nchi tatu walikubaliana juu ya namna ya kuupima, kuulinda na kuulipia, basi ukapita.

Saini inakomea wapi

Mhandisi alipata kazi katika nchi jirani miaka michache iliyopita. Lilikuwa jengo la ghorofa kadhaa lenye maduka chini na ofisi juu. Yeye ndiye aliyekadiria mzigo, akachagua transfoma, akapanga njia za nyaya na kusimamia majaribio. Kwenye orodha ya wafanyakazi alikuwa ameandikwa fundi mchundo. Michoro ilipokamilika ilisainiwa na mtu mwingine, ambaye alikuwa amefika kwenye eneo la ujenzi mara mbili. Siku wakaguzi walipokuja, aliambiwa akae kwenye stoo. Mshahara nao ulikuwa wa fundi.

Kampuni hiyo sitaitaja, na Mhandisi mwenyewe hakutaka niitaje. Anakiri kwamba kwa sheria za nchi ile hawakuwa na namna ya kumwandika vingine.

Na sheria hizo zina sababu. Tanzania, Kenya na Uganda kila moja ina bodi ya kusajili wahandisi. Mtu anamaliza chuo, anasajiliwa kama mhandisi mhitimu, anafanya kazi chini ya uangalizi kwa miaka kadhaa, anaandika ripoti, anahojiwa, na ndipo anapopewa muhuri wake. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita mhandisi wala kusaini. Jengo likiungua, bodi inajua imwite nani, na ina uwezo wa kumfutia usajili. Saini isiyo na bodi nyuma yake haina wa kuiwajibisha.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi wanachama kutambua vyeti vya elimu na taaluma vya wenzao. Mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilisaini makubaliano ya kutambuana. Rwanda ilijiunga baadaye. Mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa katika nchi moja kati ya hizo anaweza kuomba usajili katika nyingine bila kurudishwa mwanzo. Burundi, iliyoingia katika Jumuiya mwaka 2007, haikuwa miongoni mwa waliosaini mwaka huo wa 2012. Makubaliano haya hupita mikononi mwa bodi, yaani bodi moja inaitambua bodi nyingine. Kwa hiyo kijana wa Gatete hawezi kuingia peke yake hata awe hodari kiasi gani. Inabaki njia ya usajili wa muda kama mgeni yeyote, yenye ada na makaratasi yake, na waajiri wengi hawana subira nayo.

Vyuo navyo havijafanana. Shahada ya uhandisi Kenya ni miaka mitano, wakati Tanzania na Uganda ni minne. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala limeandaa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walilitangaza eneo hili kuwa eneo moja la elimu ya juu. Tangazo hilo linamsaidia mwanafunzi kuhamisha masomo. Muhuri wa mhandisi ni jambo jingine.

Rangi zinazoweza kuua

Suala hili si la mishahara tu. Mhandisi alinichorea kwenye karatasi ya kufungia mandazi nyaya nne za umeme wa njia tatu.

Katika mtindo wa zamani wa Uingereza, ambao umejaa katika majengo mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda, nyaya tatu zenye moto ni nyekundu, njano na buluu. Nyeusi ni ile ya kurudishia umeme, yaani nyutro. Katika mtindo wa kimataifa unaotumika Ulaya bara, ambao Uingereza yenyewe iliuhamia kuanzia mwaka 2004, nyaya zenye moto ni kahawia, nyeusi na kijivu, na buluu ndiyo nyutro.

Soma tena. Buluu ya upande mmoja ina moto, ya upande wa pili ni nyutro. Nyeusi ni kinyume chake. Fundi aliyefundishwa Dar es Salaam akifungua bodi iliyofungwa kwa mtindo wa Ulaya, na akaamini macho yake badala ya kipimo, atashika waya mweusi akidhani hauna kitu.

Michoro nayo ina lugha zake. Kile ambacho Mrundi aliyesoma kwa Kifaransa anakiita disjoncteur, Mtanzania anakiita breka, na wote wawili wakikutana kwenye ngazi ya jengo wanaishia kukinyooshea kidole. Kirundi kina neno zuri la umeme wenyewe, lakini vifaa vyake vinaitwa kwa Kifaransa. Mhandisi anasema katika kazi yake ya nchi jirani Kiswahili ndicho kilichomwokoa. Alikaa na mafundi, wakatengeneza orodha ya kurasa tatu: neno la Kifaransa, neno la Kiingereza, na lile ambalo mafundi wenyewe wanalitumia. Ilibandikwa kwenye mlango wa stoo, na makosa ya kuagiza vifaa yakapungua. Hakuna aliyeisaini.

Barabara inakuja kabla ya muhuri

Mambo ya ukanda huu hayasimami. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilifadhili mradi mmoja unaounganisha barabara ya Rumonge hadi Gitaza kwa upande wa Burundi na ile ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu kwa upande wa Tanzania. Reli ya kisasa kutoka Uvinza kwenda Musongati imeingia katika mipango ya nchi hizi mbili, na reli ya namna hiyo iliyokwisha kujengwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma inaendeshwa kwa umeme. Bandari, maghala ya baridi ya samaki, viwanda vya sabuni na mafuta, vyote hivyo ni majengo magumu yanayohitaji mtu wa kukadiria mzigo, kupima ardhi na kusaini.

Kama hali itabaki ilivyo, watu wa pwani hii watabeba nyaya na wengine watabeba mihuri. Mhandisi haombi masharti yalegezwe. Anataka apimwe kwa mizani ile ile: Burundi iwe na bodi yenye nguvu ya kusajili na ya kuadhibu, bodi hiyo ikae meza moja na wenzake, na vijana wanaohitimu sasa wapate miaka yao ya uangalizi hata ng'ambo ya mpaka, ili wanapofika umri wake wasiulizwe ni nani anayewafahamu. Anataka pia kanuni moja ya rangi za nyaya kwa majengo yote mapya ya Jumuiya. Hilo la pili, anasema, halihitaji fedha nyingi. Linahitaji watu kukubaliana, kama walivyokubaliana juu ya megawati za Rusumo.

Kwa sasa anafanya kazi ndogondogo. Asubuhi ya pili tulipitia kwa jirani anayekamua mawese. Mota yake ilikuwa ikinguruma kila jioni. Mhandisi alipima volti, akapima urefu wa waya kwa hatua za miguu, akapiga hesabu kwenye simu, na kumwambia mzee yule asinunue mota nyingine. Anunue waya mnene zaidi, na aongeze kifaa cha kuiwasha mota taratibu. Mzee aliuliza mara mbili kama kweli mota haina ubaya. Alipohakikishiwa, alicheka na kutuletea viti.

Kabla sijaondoka, Mhandisi alinipeleka tena kwenye duka lile la adapta. Aliuliza kama wana kebo ya chaja ya mtindo wa hapa, yenye waya wa ardhini. Ilikuwepo, imening'inizwa nyuma ya mlango, na bei yake haikuzidi sana ile ya adapta. Alichomoa kebo yangu ya pini tatu kutoka kwenye kisanduku cha chaja, akachomeka hii mpya. Kisanduku chenyewe kimeandikwa volti 100 hadi 240, kinakubali umeme wa nchi yoyote. Kilichokuwa hakikubaliani ni ile mita moja ya waya wa mwisho, na kuibadilisha kulichukua muda usiozidi dakika.